Koti la Mzee Makaa

Cherehani ilikuwa tayari imepandishwa kwenye pikapu na kufungwa kamba, kichwa chake kimefunikwa shuka kama cha mgonjwa. Baada yake vilipanda viti viwili, kabati la vitambaa, na lile sanamu lisilo na kichwa la kujaribia nguo. Juu ya vyote akapanda Mjomba na mke wake, wakakaa juu ya godoro. Mjomba alikuwa muuza magodoro, na hakuwahi kupanda gari la mizigo bila kubeba kitu chake cha kukalia.

Pikapu ilikuwa ya shule ya udereva ambako mtoto wa kwanza wa Mama Fundi alikuwa mwalimu. Ilikuwa na breki mbili, ya mwanafunzi na ya mwalimu. Mwalimu, kwa mazoea, aliingia akakaa upande wake wa kila siku, akafunga mkanda, akasubiri. Mama Fundi, aliyeachiwa nafasi moja tu, akajikuta ameshika usukani.

"Mwanangu," akauliza, "kwani ni mimi ninayejipeleka?"

"Samahani, Mama," Mwalimu akasema, wakabadilishana.

Wakaondoka. Mama Fundi alikuwa anapelekwa kwa mwanawe huyo, mji mwingine, kwenye chumba kilichokwisha kupakwa rangi na kutiwa kitanda, ili apumzike. Mama Fundi hakuwa amechoka. Alikuwa na miaka hamsini na minane, bado alitunga uzi kwenye sindano bila miwani, na tangu mumewe afariki kazi yake ya kushona na kurekebisha nguo haikuwahi kulala. Kilichofanya watu waseme amechoka ni kijana mmoja aliyeitwa Makaa.

Makaa alikuwa mpiga pasi. Alipanga pembe ya mbele ya kibanda cha Mama Fundi, karibu na mlango, ili moshi wa pasi yake ya makaa upate pa kutokea. Alikuwa na miaka thelathini. Nguo ikitoka kwenye cherehani ilipita kwake kabla ya kwenda kwa mwenyewe, na hivyo ndivyo walivyojuana. Siku moja aliinua kola ya shati akaitazama, akasema, "Fundi, hii uliishona umekasirika." Ilikuwa kweli. Mama Fundi alikuwa ameshona kola tangu usichana wake, ameziweka shingoni mwa mume, mwa watoto na mwa nusu ya wanaume wa mtaa ule, na hakuna aliyewahi kuisoma hata moja. Wiki iliyofuata akashona nyingine kwa furaha kidogo, aone. Makaa akaipiga pasi, akaigeuza, akaona haya.

Mengine yalikwenda kama yanavyokwenda. Wakaanza kula chakula cha mchana pamoja. Kisha wakaonekana wakicheka, na si mara moja. Aliyewaona alikuwa Kinyozi, ambaye kiti chake kilitazama mlango wao, na kioo chake kikawatazama mara ya pili. Kinyozi hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimwambia kila mteja mara moja tu.

Ukoo ukakaa kikao. Mjomba, kaka mkubwa wa Mama Fundi, ndiye aliyezungumza. Alikuwa na miaka sitini na mitano. Kando yake alikaa mke wake wa miaka ishirini na tisa, ameshika mfuko wa dawa za mumewe.

"Kijana wa kumzaa!" akasema Mjomba. "Mdogo wangu, kweli kabisa? Hata aibu imekukimbia?"

"Baba yake huyu," akasema Mama Fundi akimwonyesha Mwalimu kwa kidevu, "alinizidi miaka mingapi?"

"Baba alikuwa baba," akasema Mwalimu.

"Ishirini na minane. Sawasawa na hii."

"Mama, marehemu tumwache apumzike."

Kwa hiyo marehemu akaachwa apumzike, na uamuzi ukatolewa kwamba Mama Fundi naye akapumzike.

Sasa, kila fundi wa nguo anajua kwamba miaka ya mtu haikai yote mwilini. Mingi huingia kwenye nguo ya kazi, ile inayovaliwa kila siku mpaka ikamjua mwenyewe, na humo hujikusanya pindoni, kwapani na kwenye kola. Ndiyo maana fundi makini hukung'uta nguo nje kabla ya kuifumua. Mbele ya kibanda cha Mama Fundi, kifaranga cha jirani kiliwahi kudonoa mwaka mmoja ulioanguka kutoka kwenye suruali ya tarishi. Kufikia mchana kilikuwa kinataga. Jirani alishukuru kwa lile yai, na jambo likaishia hapo.

Makaa alilijua hilo, na alikuwa ameshaomba mara nyingi, nusu utani nusu kweli. "Nigawie nusu, Fundi. Tubebe sawa, tuone watasema nini." Mama Fundi alikataa kila mara. "Yangu nitabeba mwenyewe," alisema. "Wewe beba pasi yako."

Lakini jioni ya mwisho kabla ya kuhamishwa, peke yake kibandani, moyo wake ulilainika. Aliona haya kukubali kwa mdomo kitu alichokikataa kwa mdomo, kwa hiyo alikubali kwa sindano. Akalifumua pindo la gauni lake la kazi, akachomoa miaka kumi na minne, ambayo ndiyo nusu ya ishirini na minane. Makaa alikuwa amemwachia koti lake la kahawia litiwe bitana mpya, kile kitambaa cha ndani. Akaishona miaka ile ndani ya bitana kwa mshono wa kificho, akafunga fundo, akaukata uzi kwa meno. Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Yeye ashuke mpaka arobaini na minne, Makaa apande mpaka arobaini na minne, na hapo mtu mwenye neno alitafute kwingine. Akaliacha gauni na koti kwenye meza ya pasi, akaenda nyumbani.

Asubuhi Makaa akafika wa kwanza. Naye alikuwa ameamua. Kwa kuwa Fundi hatakubali kamwe, alisema moyoni, basi nitachukua bila kuomba. Akawasha makaa, akalowanisha gauni kidogo, akapitisha pasi ya moto wa wastani. Kwa joto hilo miaka huinuka na kunata kwenye chuma kama nta. Akachukua kumi na minne, wala hakuzidisha, maana hakuwa mwizi, akaipeleka kwenye mabega ya koti lake na kuikandamiza mpaka ikakubali. Aliona gauni ni jepesi mno na koti ni zito mno, lakini akadhani ni maji.

Pikapu ilikuwa imefika kwa Kinyozi wakati Mama Fundi alipoweka mkono kwenye dirisha.

"Simamisha. Koti la Makaa nimelitia bitana na sijaliona mwilini. Na gauni langu la kazi liko kwake."

Mwalimu akashusha pumzi. Utaratibu huo aliujua. Mama yake hakuwahi kuihesabu nguo kuwa imekwisha mpaka aione imevaliwa na mwenyewe, amzungushe mara moja na kumpiga kofi dogo begani. Utoto wake wote Mwalimu alikuwa amesubiri kwenye milango ya watu huku mama yake akizungusha wanaume. Akawasha taa ya ishara, akatazama vioo vyote vitatu, akarudi kinyumenyume.

"Dakika tano," akasema. "Na mlango ubaki wazi."

"Mkibomoa kitu huku nyuma, nalia na nyinyi," akasema Mjomba kutoka juu ya godoro, maana kamba zilikuwa zimelegea.

Kibandani palikuwa patupu, isipokuwa meza ya pasi na kioo kirefu kilichokosa nafasi kwenye pikapu. Makaa alisimama hapo na gauni mkononi, limekunjwa vizuri kama la kupelekwa kwa mkwe.

"Gauni lako hili hapa, Fundi."

"Na wewe vaa koti nikuone."

Kila mmoja alikuwa anaficha tabasamu, na kila mmoja aliliona la mwenzake akadhani ni la kuagana. Mama Fundi akaingia nyuma ya pazia. Alipotoka, alikuwa na miaka thelathini. Mbele ya kioo alisimama mzee wa miaka hamsini na minane, mvi zimemkaa vizuri, anajaribu kufunga kifungo.

Wakatazamana kiooni.

"Fundi," akasema Makaa, "ulipunguza?"

"Nusu. Jana jioni. Iko kwenye bitana."

"Mimi nimepunguza nusu leo asubuhi. Kwa pasi."

Wakafanya hesabu.

"Kwa nini hukusema?" akauliza Mama Fundi.

"Ningesema ungekataa."

"Ningekataa."

"Basi ndiyo hivyo." Makaa akajaribu kukaa kwenye ukingo wa meza, akasita katikati. "Magoti yanauma."

"Hayo ni yangu. Usiyakunje kwa ghafla. La kushoto linapenda kubembelezwa."

Akamwendea, akamzungusha mara moja, akampiga kofi dogo begani. Koti lilikuwa limemkaa. Kisha akachukua mkasi ili arudishe kilichozidi, na alikuwa ameshainua pindo la bitana wakati Mwalimu alipoingia.

Mwalimu aliingia na maneno yake tayari. "Wewe kijana," alianza, "nilikwambia nikikukuta tena karibu na..." Akaona mvi. Mikono yake ikashuka yenyewe, ikakutana mbele ya tumbo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu," akasema Makaa.

Mwalimu akamgeukia mwanamke mwenye mkasi. Alimtambua mara moja, kwa namna alivyokuwa ameshika pini mdomoni.

"Mama. Umepungua."

"Nimebanwa kidogo."

"Nani kakubana?"

"Sisi wenyewe. Kwa bahati mbaya kila mtu kwa wakati wake. Sasa hivi narudisha nusu."

Mjomba alikuwa ameshashuka kutoka kwenye godoro, mke wake nyuma yake na mfuko wa dawa. Akamzunguka Makaa polepole kama anayekagua ng'ombe. Akamwangalia dada yake. Uso wake ulifunguka kwa namna ambayo haukuwahi kufunguka kwenye kikao chochote.

"Usirudishe kitu," akasema.

"Kaka, tulikuwa tunataka tuwe sawa. Arobaini na minne kwa arobaini na minne."

"Sawa na sawa? Halafu humo ndani nani mkubwa? Nyumba si bembea, mdogo wangu, kwamba huyu apande huyu ashuke." Akamshika Makaa mkono kwa mikono miwili. "Huyu ni mtu mzima. Ametulia. Mtazame, hata kukimbia hawezi. Mwanamume kama huyu humpa mwanamke heshima. Hebu nitazame mimi na mke wangu."

Wakamtazama yeye na mke wake. Mke wa Mjomba alikuwa anahesabu vidonge.

"Lakini ni Makaa huyuhuyu," akasema Mama Fundi. "Huyuhuyu mliyetaka kumvunjia pasi juzi."

"Juzi alikuwa kijana," akasema Mjomba.

"Na mimi ni mimi."

"Ndiyo, na sasa umeumbika vizuri. Ukifumua hata uzi mmoja, cherehani inabaki kwenye pikapu, na safari iko palepale. Usipofumua, tunaishusha sasa hivi. Chagua."

Mama Fundi akamtazama Makaa, na Makaa akautazama mkasi. Nje, Kinyozi alikuwa amesimamisha wembe kwenye shavu la mtu. Mama Fundi akauweka mkasi mezani. Mwalimu na Mjomba wakaishusha cherehani. Makaa alitaka kusaidia, wakamkatalia kwa heshima, wakamletea kiti.

Harusi ilifungwa baada ya muda mfupi, kwa kuwa Mjomba alisema mtu wa umri wa bwana harusi hapaswi kusubirishwa. Aliyempamba bibi harusi alikuwa Wifi, dada wa marehemu mumewe, mwanamke mkavu wa maneno ambaye hakuwahi kukosa harusi wala msiba. Alileta gauni jipya la rangi ya maziwa. Wakajifungia chumbani. Mama Fundi akavua gauni la kazi, akavaa jipya, akageuka ili afungwe vifungo vya mgongoni, na Wifi akajikuta anafunga vifungo vya mwanamke wa miaka hamsini na minane.

Wifi akafunga viwili, akaacha.

"Hili halitakaa," akasema.

Mama Fundi akajitazama kiooni. Umri wake ulikuwa umerudi wote, mpaka lile kovu la sindano kwenye kidole na ule mkunjo kando ya mdomo alioupata kwa kushika pini.

"Wifi, mimi ndiye huyu," akasema. "Wewe na walioko hapo nje mnanijua."

"Tunakujua. Nani kasema hatukujui?"

"Basi nitoke hivi."

"Ukitoka hivi itabidi tukuone." Wifi akaanza kufungua vile vifungo viwili. "Vaa lilelile. Wageni wanasubiri."

Kwa hiyo Mama Fundi aliolewa amevaa gauni la kazi, alama za chaki zikiwa bado kifuani, na watu wakasema bibi harusi mnyenyekevu hivi hawajapata kumwona. Bwana harusi alivaa koti juani toka mwanzo hadi mwisho. Mwalimu ndiye aliyemkabidhi mama yake. Alimshika mkono, akamwambia amtii mzee na aangalie kulia na kushoto kabla ya kuvuka barabara. Alikuwa amemzidi mama yake miaka saba, na akaona ni wajibu.

Jioni, walipobaki wawili nyumbani, Makaa akavua koti kwa sababu ya joto. Akawa na miaka thelathini. Mama Fundi akaingia chumbani, akatoka na kanga na fulana, mwenye umri wake. Wakakaa wakanywa chai.

"Kwa hiyo hivi ndivyo itakavyokuwa," akasema Makaa.

"Nipe mguu wako nione. Goti limekuharibu?"

"Halina kitu sasa. Limebaki kwenye koti."

Koti lilikuwa limetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, na miaka ishirini na minane ndani yake. Baadaye kidogo likakohoa. Mama Fundi akaamka akafunga dirisha, likanyamaza.

Hivyo ndivyo walivyoishi. Asubuhi Mama Fundi alivaa gauni, Makaa akavaa koti, wakatoka wakashikana mikono, na mtaa mzima ukawasalimu. Mwanamke aliyekuwa akizungumziwa kwa kunong'onwa sasa alisifiwa kwa sauti, kwamba amepata mzee wa kumtunza. Kwa mara ya kwanza hapakuwa na mtu wa kuwasema.

Kulikuwa na gharama yake. Wateja waliacha kumsikiliza Mama Fundi. Alipokuwa na miaka hamsini na minane, neno lake kuhusu kiuno cha suruali lilikuwa la mwisho. Sasa wateja walimkuta ameketi kwenye cherehani, utepe wa kupimia shingoni, na wakauliza, "Fundi mwenyewe yupo?"

"Ni mimi."

"Hapana, binti, yule mzee."

Hapo Makaa alilazimika kuacha pasi na kuja. Hakujua kushona hata kifungo. Alilishika vazi, akalikunjia uso, akageuka upande wa mkewe akauliza kwa sauti ya chini, "Hapa vipi?" Naye akajibu kwa sauti ya chini, "Libanwe kwapani, liachiwe nyuma." Makaa akamrudia mteja. "Libanwe kwapani," akasema, "liachiwe nyuma." Mteja akatikisa kichwa kwa kuridhika. Uzee dawa, walisema wakiondoka.

"Naanza kuuchukia uzee wangu," akasema Mama Fundi siku moja, "tangu ulipouvaa wewe."

"Nikurudishie?"

Akafikiri. Mwalimu alikuwa amesema atapita siku hiyo kuwajulia hali, na pikapu bado ilikuwa na ile kamba.

"Hebu vaa," akasema. "Vaa, wateja wanakuja."

Siku moja ya mapumziko walichoka. Wakaacha koti msumarini na gauni kwenye kiti, wakatoka kama walivyo, yeye na gauni lake la maua makubwa na Makaa na fulana, wakaenda mpaka mtaa wa pili kununua vifungo. Hakuna kilichotokea. Walinunua vifungo. Njiani Makaa alimwiga Mjomba akishuka kutoka kwenye godoro, na Mama Fundi akacheka mpaka akashika ukuta.

Jioni hiyohiyo mlango ukagongwa. Makaa akawahi koti. Alikuwa Kinyozi, amevua kofia.

"Shikamoo, mzee. Sikuja kuvunja nyumba ya mtu."

"Marahaba. Kaa kwanza, ndipo uvunje."

Kinyozi akakaa. Akazungusha kofia mapajani. "Mzee, mkeo ameonekana leo na kijana."

"Kijana gani?"

"Yule mpiga pasi wa zamani. Nilidhani mlishamfukuza. Na tena, mzee, nisamehe, mkeo alikuwa ametoka na umri wake wote. Hata kuuficha hakuuficha. Wakawa wanacheka barabarani."

"Wewe ulimtambuaje, akiwa na umri wake wote?"

"Kwa kicheko. Kicheko chake nakijua miaka mingi."

"Na kicheko hicho," akauliza Makaa, "kilikuwa kizuri?"

Kinyozi akafikiri kwa uaminifu. "Kizuri sana," akasema. "Ndiyo maana nimekuja kukwambia."

Nyuma ya pazia Mama Fundi alikuwa ametia ncha ya kanga mdomoni na anaing'ata.

"Ahsante, ndugu yangu," akasema Makaa. "Nitazungumza naye."

"Zungumza naye kama mwanamume."

"Leo leo."

Kinyozi akaondoka na moyo mwepesi. Makaa akatundika koti, akazungumza na mkewe mpaka chai ikapoa, na tangu siku hiyo hawakutoka tena bila nguo zao za kazi.

Yaliyowapata wengine ni haya. Mke wa Mjomba alikwenda kibandani mara moja peke yake, na koti la mumewe kwenye mfuko, akauliza kama miaka yake Mjomba inaweza kupunguzwa kidogo, au yeye aongezewe kidogo, kwa kuwa amechoka kuulizwa kama yule ni baba yake au babu. Mama Fundi akapima, akasema inawezekana. Mjomba alipoambiwa akakataa. "Mimi nimechakaa wapi?" akauliza. Alifariki juu ya godoro lake bora kabisa, lililokuwa bado kwenye nailoni. Mke wake akarithi duka, na alipoulizwa kama ataolewa tena akasema anataka kwanza alale. Kile kifaranga kikawa kuku mzee kuliko wote mtaani, na hakikuliwa. Mwalimu akawa mkuu wa shule ya udereva. Aliendelea kumshauri mama yake kwenye kila jambo, na kila alipopanda gari peke yake aliingia upande usio na usukani, akasubiri.

Mama Fundi alifariki miaka ishirini baada ya harusi, nyumbani, amevaa nguo ya kulalia, akiwa na miaka sabini na minane. Makaa, mwenye hamsini, alikuwa amemshika mkono. Wifi, ambaye wakati huo alikuwa kikongwe wa mkongojo, alikuja kumwandaa. Alimtazama kwa muda mrefu kuliko alivyokuwa amezoea kutazama kitu chochote. Kisha akachukua gauni la kazi kutoka kwenye kiti akamvika juu. "Wageni wanasubiri," akasema, na mara hii alisema polepole. Waombolezaji wakapita mmoja mmoja, wakaona mwanamke wa miaka hamsini, wakasikitika kwamba kijana ametangulia na mzee amebaki.

Makaburini Makaa alivua koti. Akalikunja kama la kupelekwa kwa mkwe, akaomba jeneza lifunguliwe, akalilaza kifuani mwa mkewe, bitana upande wa chini. Miaka ikarudi kwa mwenyewe. Waliokuwa wanashusha kamba walisema jeneza limeongezeka uzito, wakaongeza mtu mmoja, wakaendelea.

Kisha Makaa akalia, na alilia bila kujizuia, akiwa na shati tupu na miaka yake hamsini. Watu wakaulizana huyo bwana ni nani wa marehemu. Mwalimu, akitazama pembeni, alisema anadhani aliwahi kupanga pembe kibandani. Kinyozi, ambaye mikono yake sasa ilitetemeka na hakuna aliyempa tena shavu, alisogea mbele apate kumwona vizuri.

"Ndiye yeye," akasema. "Yule kijana. Nilimwambia mzee zamani, hakunisikia." Akatazama huku na huku kwenye umati. "Na mzee mwenyewe, mnaona? Hata kuja kumzika mke wake hakuja."